NFS 4: Anwani Mpya Aachiwa Anayehamwa

Kosa la toleo la 4 la NFS, mfumo wa kufikia faili za seva kupitia mtandao, ni la uamuzi mmoja, nao umo katika waraka wake wa kiwango, RFC 3530 ya mwaka 2003: seva inayohamwa ndiyo iliyopewa kazi ya kusema faili zimehamia wapi. Kompyuta ya mtumiaji hupita njia ya zamani, hujibiwa NFS4ERR_MOVED, kisha huirudia seva ile ile kuiuliza fs_locations. Utaratibu huo unafaa maadamu seva ya zamani bado inawaka. Lakini seva huhamwa mara nyingi kwa sababu diski zimechoka au chumba kinafungwa. Chukua mfano wa ofisi: Wilaya ya Nyasa, Tanzania, ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, makao yakawa Mbamba Bay. Kama habari hiyo ingebandikwa kwenye mlango wa masjala ya Mbinga tu, mkazi wa Liuli angepanda milima ya Umatengo kwanza ndipo aambiwe ashuke tena ziwani, Mbamba Bay, na siku ofisi imefungwa asingeambiwa na yeyote.

AFS, mfumo wa faili za mtandao wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilikwisha kulimaliza jambo hili miaka ya 1980. Mahali pa kila volyumu, yaani fungu la faili, paliandikwa katika hifadhidata ya peke yake, VLDB, kwa hiyo volyumu ilihama na njia ya mtumiaji ikabaki vile vile. Watetezi wa NFS husema VLDB nayo huweza kuanguka. Huweza, ila nakala zake hukaa katika seva kadhaa zinazopigiana kura kupitia programu ya Ubik. Ikifa moja kati ya tatu, kazi inaendelea. Watetezi hao husema pia kompyuta ya mtumiaji inaweza kuichukua fs_locations mapema. Lakini orodha iliyochukuliwa kabla ya kuhama haiwezi kutaja seva ambayo ilikuwa haijachaguliwa.

Matoleo ya 2 na ya 3 ya NFS yalikuwa mabaya zaidi: mtumiaji alipata kosa la ESTALE tu, bila hata kuelekezwa. RFC 7931 ya 2016 ilinyoosha vizuri uhamishaji wa kufuli za faili, si swali la anwani. FedFS ya 2015, ya kuunganisha seva nyingi za faili, ilikaribia suluhisho kwa kuweka anwani kwenye saraka ya LDAP, lakini inayoiuliza LDAP hiyo ni seva ya faili, si kompyuta ya mtumiaji. Ndiyo maana wasimamizi bado huweka kwenye LDAP ramani za autofs, zinazoiambia kompyuta ya mtumiaji iunganishwe na seva ipi, wakijijengea upya sehemu ya kile AFS ilichokuwa nacho, na ramani hizo haziigusi njia ambayo tayari imeunganishwa na seva iliyozimwa.