Heko, Wanamaji wa Mtongwe

Likoni ina la kujivunia: Jeshi la Wanamaji la Kenya, lenye makao yake Mtongwe. Jeshi la maji la pamoja la Afrika Mashariki, lililoundwa enzi za Waingereza, lilivunjwa 1962, na mwaka uliofuata nchi ikapata uhuru bila wanamaji wake. Letu lilizinduliwa Desemba 1964. Mwaka 1966 zikaja boti za doria Simba, Chui na Ndovu, na 1972 J. C. J. Kimaro akawa Mkenya wa kwanza kuliongoza. Mkuu wake ana cheo cha meja jenerali na yuko chini ya Mkuu wa Majeshi.

Septemba 2012 wanamaji hawa waliwashusha askari ufuoni Kismayu, Somalia. Lakini sisi wa Likoni twawashukuru zaidi kwa Oktoba 2019: wapiga mbizi wao, pamoja na wa kiraia, walizama kivukoni siku baada ya siku hadi gari lililotumbukia kutoka kwenye feri likapatikana, familia ikazika wapendwa wake. Heko kwao. Serikali nayo iwaongezee vifaa vya kuzamia, maana feri zavuka kila siku.