Majazi na Haki ya Kusikizwa: Mhusika Ujinga katika Kitabu cha Bunyan

Mwalimu mwenzangu, huenda umewahi kukitumia kitabu cha John Bunyan, Safari ya Msafiri, kilichotolewa Uingereza mwaka 1678, kufafanulia istiara darasani. Makala haya yanakuomba urejee usemezano mmoja tu: ule baina ya Mkristo na kijana aitwaye Ujinga.

Usemezano huo umekusudiwa kukosoa mafundisho potovu. Ujinga anaamini kwamba moyo wake ni mwema, na kwamba Kristo ataufanya utiifu wake ukubalike kwa Mungu. Mkristo anamjibu hoja kwa hoja: mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo yake. Kifani, mjadala umepangwa barabara. Hata hivyo, majazi yameshatoa hukumu kabla ya mhusika kufungua kinywa. Nani atamsikiza mtu aitwaye Ujinga?

Hapa Kisumu, swali hili si la mtihani pekee. Matthew Ajuoga aliwaongoza wenzake kutoka Kanisa la Anglikana mwaka 1957. Legio Maria nayo ikajitenga na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Wajukuu wa pande zote huketi dawati moja, na kila upande una jina la kejeli uliowabandika wengine.

Tazama pia mwisho. Mkristo anavuka mto kwa miguu, nusura azame. Ujinga anavushwa kwa mashua. Mwanafunzi wa Dunga au Mbita, aliyezoea vyombo vya majini, haoni kosa la abiria huyo. Kumbe langoni anadaiwa cheti, anajipapasa kifuani, hana, na anatupwa jehanamu. Kinaya ni kwamba Bunyan mwenyewe alifungwa kuanzia 1660 hadi 1672 kwa kuhubiri bila idhini.

Mtetezi wake atasema cheti hicho ni cha imani, si cha serikali. Hoja hiyo ina uzito. Lakini anayeshika lango ndiye huamua cheti kipi ni halali, na Bunyan alilijua hilo kuliko wengi.

Jaribu basi zoezi hili: waambie wanafunzi wampe kijana huyu jina la kawaida, kisha wausome usemezano upya. Hoja za Mkristo zikisimama, zimesimama kwa nguvu zake zenyewe. Zikiyumba, tutajua ni majazi yaliyokuwa yakizishikilia.