UHAKIKI: KISICHOONEKANA KATIKA HESABU ZA UCHUMI

Mwaka 1957 mchumi wa Marekani, Robert Solow, alitoa makala juu ya uzalishaji wa nchi yake, nje ya kilimo, tangu 1909 hadi 1949. Katika kipindi hicho pato kwa kila saa ya kazi liliongezeka takribani mara mbili. Solow alikadiria mchango wa mtaji, akakuta unaeleza sehemu moja tu kati ya nane za ongezeko hilo. Sehemu saba zilizosalia akaziita badiliko la ufundi.

Tunaithamini kazi hiyo. Iliwatia mashaka wale walioamini kuwa kulimbikiza mtaji peke yake ndiko kunakokuza uchumi. Lakini hatuna budi kuuliza: je, ufundi huo ulipimwa? Haukupimwa, ulipatikana kwa kutoa. Mtunza ghala anayekuta magunia yamezidi daftari amejua idadi yaliyozidi, bali hajajua yalikotoka.

Solow mwenyewe alikiri kwamba jina hilo limebeba mambo mengi, pamoja na elimu ya wafanyakazi na kasi ya kazi. Mwaka 1956 Moses Abramovitz alikuwa ameshasema kuwa salio la namna hiyo hupima yale tusiyoyajua. Mwaka 1967 Dale Jorgenson na Zvi Griliches walipima upya kazi na mtaji kwa uangalifu zaidi, na salio likapungua sana.

Kasoro kubwa imo katika msingi wenyewe. Hesabu hii huchukua fungu la faida katika pato kuwa ndilo kipimo cha mchango wa mtaji. Hivyo mgawanyo wa pato, unaotokana pia na mvutano kati ya mwajiri na mfanyakazi, hugeuzwa kuwa kanuni ya uzalishaji. Mwaka 1974 Anwar Shaikh alibuni takwimu ambazo zikichorwa huandika neno la Kiingereza lenye maana ya ulaghai. Zilikubaliana barabara na mlinganyo huo, kwa sababu pato daima ni jumla ya mishahara na faida. Mlinganyo unaokubali hata ulaghai hauthibitishi nadharia.

Jambo hili si la vitabuni tu. Ongezeko likiisha kuitwa ufundi, ni rahisi kumwambia mfanyakazi anayedai nyongeza ya mshahara kwamba halikutokana na jasho lake. Kwa hiyo kila tunapoletewa takwimu za namna hii, tuulize kwanza: kilichotajwa kimepimwa, au kimesalia tu na kupewa jina?