Kujenga na Kujengesha: Tahakiki ya Kitenzi "Kuita" katika Kiswahili cha Kompyuta

Wanafunzi wa Likasi husoma kompyuta kwa Kifaransa, kisha huelezana kwa Kiswahili. Hapo hutawala kitenzi "kuita": programu ya Python "inaita" mfumo endeshi. Kwa maoni yetu, tafsiri hii ni dhaifu, kwani haisemi mtenda ni nani. Tutazame os.mkdir, mojawapo ya amri saidizi za Python. Yenyewe haiundi folda hata moja. Hupeleka jina na ruhusa kwa kiini cha mfumo wa Linux, ikangoja jibu. Kiini kikikataa kwa kosa namba 13, tangu toleo la 3.3 (2012) Python hulitangaza kwa jina PermissionError. Mwanafunzi wa "kuita" huilaumu Python na kufuta mistari isiyo na dosari, ilhali aliyekataa ni mwingine.

Kiswahili kina mnyambuliko unaofaa, tena kwa neno moja pale Kifaransa kinapohitaji mawili: fundi hujenga, mwenye nyumba hujengesha. Basi os.mkdir "huundisha" folda. Kinyume chake, os.path.basename hukata maandishi yenyewe, bila kumwagiza yeyote. Hiyo "hukata", wala haikatishi.