Mkono Usioandikwa Jina

Nilipotembelea Beit al-Ajaib, kasri la Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, lililokuwa limegeuzwa makumbusho, wageni walisimuliana habari za umeme na lifti, kwa maana jumba hilo la mwaka 1883 lilitangulia mengine yote ya Unguja kuwa navyo. Mimi, mtoto wa Tarime, nilibaki mlangoni.

Mbao zake nzito zimechongwa aya za Kurani, herufi zikapakwa dhahabu. Nilisogea hadi nikaona njia ya patasi. Herufi haikuchimbwa, kilichochimbwa ni mbao inayoizunguka, yenyewe ikaachwa imeinuka. Kazi ya namna hiyo haina kufuta. Fundi alipaswa kuujua mwisho wa aya kabla hajagonga pigo la kwanza.

Nilimkumbuka mzee jirani yetu aliyekuwa akichonga litungu, ala ya nyuzi ya kwetu. Alikomba gogo polepole, akaligonga kwa kidole, akasikiliza, akakomba tena. Ukiliacha nene, sauti inaziba. Ukizidisha kulikomba, mti unapasuka ukikauka. Hakuwa na kipimo zaidi ya sikio lake. Sisi watoto tulikatazwa kupiga kelele mpaka ngozi iwambwe, na tulitii, kwa sababu tulijua anachokitafuta mle ndani.

Barghash anatajwa vitabuni. Aliyemchongea mlango sikumkuta ametajwa popote, kama ambavyo hakuna aliyeandika jina la mzee wetu.

Mji Mkongwe, lilimo jumba hilo, uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiendelea, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakafa. Nchi nzima ilisikitika, na ilistahili kusikitika.

Lakini huku kwetu tunaporomokewa kila mwaka bila kishindo. Kuanzia Sirari hadi Mugumu, harusi zinakodi spika, na litungu linatolewa siku ya kumpokea kiongozi, apigwe picha nalo, kisha lirudi darini. Wazee wanaojua kulichonga wanazikwa na tunawasifu makaburini, ilhali walipokuwa hai hatukuwapelekea hata mjukuu mmoja akae miguuni pao. Ukuta ulioanguka, fedha zikipatikana, utajengwa tena. Sikio la mchongaji halijengwi kwa fedha. Lilihitaji mtoto wa kulirithi, na mtoto tulikuwa naye.