Mama wa Miti na Wamama Wengine

Vitabu vya picha juu ya maisha ya wanawake waliotangulia wengine vimekuwa vingi. Katika upande wetu huu wa Afrika, anayeandikwa sana humo ni Wangari Maathai wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1940 huko Nyeri, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa tuzo ya Nobel ya amani, mwaka 2004. Viwili tulivisoma na watoto wa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, tukigeuza maneno katika Kiswahili chetu ukurasa kwa ukurasa. Kimoja ni Mama Miti cha Donna Jo Napoli, kilichotoka Marekani mwaka 2010. Kingine ni cha Mfaransa Franck Prévot, na michoro ya Aurélia Fronty, cha mwaka 2011, mwaka uleule Wangari alipofariki.

Kwa picha, Mama Miti kinashinda. Kadir Nelson amechanganya rangi na vipande vya vitambaa, na watoto walipapasa karatasi wakitafuta kikwembe cha kweli. Lakini hadithi yenyewe inatusumbua. Wamama wanamwendea Wangari mmoja mmoja, kila mmoja na shida yake, naye anamtajia kila mmoja mti wa kupanda, sawa mganga anayegawa dawa. Msichana mmoja akauliza: « Na wale wamama wengine, wao walifanya nini? »

Swali hilo lilitupata vizuri, maana wamama wale ndio waliofanya kazi. Chama cha Green Belt kilianza mwaka 1977 ndani ya baraza la wanawake wa Kenya. Watu wa serikali wenye diploma za misitu waliwacheka, ati kupanda miti kunahitaji masomo. Wamama wakaotesha mbegu zao kwa akili ya shamba, na kwa kila mti ulioshika walilipwa pesa kidogo. Mtoto akikosa kuona hayo, atafikiri mwanamke mkubwa ni yule anayejua peke yake.

Prévot ana maneno mengi. Wadogo walisinzia, na sisi tuliruka sehemu nzima bila haya. Lakini haogopi siasa: hafichi kwamba Wangari alitiwa gerezani. Hapo wakubwa waliamka. Tukawaeleza habari ya Uhuru Park, ile bustani ya Nairobi ambamo mwaka 1989 walitaka kujenga mnara wa ghorofa 60, na namna Wangari alivyopinga mpaka mnara ukaachwa. Tukawaeleza pia jina: Wangari kwa Kikuyu ni wa chui. Kwa mtoto wa Balega hilo halihitaji maelezo, kwani anajua meno ya chui yanavaliwa na nani.

Jambo moja tungependa kuona mchoraji atalifanya namna gani. Mwaka 1992, katika bustani ileile, mama za wafungwa wa siasa walikaa pamoja na Wangari wakidai watoto wao, na polisi walipowapiga, baadhi yao walijivua nguo. Kwetu pia, uchi wa mama mbele ya vijana si mchezo, ni laana. Kumchora Wangari na mche mkononi ni rahisi zaidi.

Na kuna habari ambayo kwa mtoto wa Maniema ingestahili ukurasa wa kwanza: mwaka 2005 Wangari alifanywa balozi wa misitu ya bonde la Kongo, ndiyo kusema msitu huu unaoanza nyuma ya nyumba zetu.

Tunasema haya kwa sababu tunataka vitabu vya kwetu. Wengine wanapendekeza Sophie Kanza, Mkongomani wa kwanza mwanamke kumaliza chuo kikuu, mwaka 1964 huko Lovanium, na waziri mwaka 1966. Ni sawa. Sisi tungeanza na mama wa bunyamwa, daraja ya juu ya wanawake katika bwami ya Balega. Mume hawezi kufika juu kabisa bila mke aliyeingizwa naye, na anaingizwa mbele ya bami na ndugu waliokusanyika. Tulimwomba kijana mmoja mchoraji wa hapa Kindu ajaribu. Alituletea mama mmoja amesimama katikati ya karatasi nyeupe. Tukamrudishia.