Kaya 119 kwenye ukurasa mmoja

Nyakatoke ni kijiji cha Bukoba Vijijini, wilaya moja na kata ya Izimbya, nchi ya migomba na mibuni. Mwaka 2000 mchumi Joachim De Weerdt aliwahoji watu wazima wa kaya zake zote 119: ni nani unayeweza kumtegemea, au anayekutegemea, kwa fedha, vitu au kazi?

Kaya 119 zikipangwa mbili mbili zinatoa jozi 7,021. Jedwali la urefu huo halisomeki. Kwenye mchoro, kila kaya ni nukta na kila uhusiano ni mstari. Mchumi mwingine, Bryan Graham, alizipa nukta ukubwa kulingana na idadi ya mistari yake, na rangi kulingana na mali, yaani ardhi na mifugo. Hapo ndipo jicho linapoona kile ambacho De Weerdt alikithibitisha kwa hesabu: maskini wana watu wachache wa kuwakimbilia.

Lakini mstari wenyewe ni nini? Mchoro una mistari 490. Kati ya hiyo, ni 140 tu ambayo pande zote mbili zilitajana. Katika 350 aliyetaja ni mmoja, mwenzake akanyamaza. Kuichora yote kwa wino uleule kunaficha habari nzito kuliko zote. Mimi ningeikoza ile 140, na ile 350 ningeichora kwa mishale ya nukta-nukta. Anayekopesha kwa dhamana ya majirani lazima ajue kama mdhamini naye anajihesabu mdhamini.

Kama ningechora mchoro wa namna hii kwa ajili ya Izimbya, ningeanza na butura, ile biashara ya kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku, lakini shida inayoizaa, ya ada za shule na matibabu kabla ya mavuno, haijaondoka. Daftari la chama cha msingi cha ushirika lina kilo za kila mkulima na tarehe alizozileta. Chora kilo hizo mwezi kwa mwezi, na juu yake maombi ya mikopo: pengo kati ya mistari miwili litaonyesha mkopo utolewe lini, na wa kiasi gani. Kwenye mchoro utakaobandikwa ukutani ziwekwe jumla za chama tu. Deni la mtu libaki daftarini, la sivyo msimu ujao hakuna atakayesema kweli.